Nguvu za mwili, utulivu wa kichwa: kwa nini chama chetu kinyanyue vyuma

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka, territoire ya Fizi. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.



Nimepewa dakika chache niseme juu ya ombi la vijana. Mnalijua. Wanaomba pembe moja ya uwanja wa chama, mabati ya kuzuia mvua, vyuma viwili vya kushikia, na mifuko mitatu ya saruji ili watengeneze vizito vya kunyanyua. Tangu ombi hilo lisomwe nimesikia maneno mengi barabarani, na nimeyagawa mafungu matatu. Wa kwanza wanasema: "Siye tunabeba mizigo kila siku, iko mazoezi gani ingine tunatafuta?" Wa pili wanasema: "Vijana wakikusanyika asubuhi na vifua vimejaa, askari watasema tunatayarisha kundi la msituni." Wa tatu wanasema: "Pesa ya wafadhili ni ya mbegu na mabati ya nyumba, haiko ya kuchezea."

Maneno hayo yote matatu yana uzito. Sitayapita juu juu. Nitajibu moja moja, halafu ninyi mtaamua.

Tuanze na la kwanza, la mizigo. Ni kweli, hakuna mtu hapa asiyejua kubeba. Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Gunia la muhogo linapita hapo mara nyingi. Wamama wa Bukavu wanabeba mgongoni na kamba kwenye paji la uso mpaka kamba inaacha alama. Kama kubeba peke yake kungekuwa dawa, wamama wetu wangekuwa watu wenye afya kuliko wote duniani. Lakini tunaona nini? Mgongo unauma, goti linauma, shingo haigeuki. Kwa nini?

Kwa sababu mzigo wa kazi haukuulizi. Siku una malaria, bidoni ni kilo 20. Siku umelala njaa, bidoni ni kilo 20. Siku una nguvu za kubeba zaidi, ni ileile. Unabeba upande mmoja, njia ileile, kilometa nyingi, na kesho unarudia kabla mwili haujapona. Mwili unachoka bila kujengwa.

Mazoezi ya uzito ni kitu kingine. Pale unachagua kilo zinazokutosha leo. Unanyanyua mara nane au kumi, unaweka chini, unapumzika. Unafanya upande wa kulia na wa kushoto, unasukuma na unavuta. Halafu siku inayofuata unaacha mwili upumzike. Yote iko kwenye kipimo, mapumziko na kuongeza polepole. Mzigo wa kazi unakula nguvu uliyo nayo. Mazoezi yanaweka akiba, kama vile tunavyoweka kwenye likelemba, kidogo kidogo, ili siku ya shida pawe na kitu cha kuchukua.

Niwaeleze kinachotokea ndani. Ukinyanyua kitu kizito kuliko ulichozoea, wiki za kwanza misuli haikui sana. Kinachojifunza kwanza ni mishipa ya fahamu: ubongo unazoea kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu anaona nguvu zinapanda kabla hajaona mkono unanenepa. Baadaye, mwili unapopata chakula na usingizi, nyuzi zenyewe zinaongezeka unene. Mfupa nao unasikia. Mfupa unaovutwa na msuli mara kwa mara unajikaza, usiovutwa unalegea. Na msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana waganga wanaotibu ugonjwa wa sukari wanawashauri wagonjwa wao wafanye mazoezi ya aina hii pamoja na kutembea.

Mambo haya hayakuanza na vijana wa mjini wanaojipiga picha. Nitawapa mfano ambao unatuhusu sisi watu wa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Chicago, Marekani, alikuwako daktari kijana wa jeshi jina lake Thomas DeLorme. Hospitali ilikuwa imejaa wanajeshi waliorudi na magoti na miguu iliyoumia. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi sana, ya kurudia mara nyingi, na walikuwa wanapona polepole mno. DeLorme mwenyewe alipokuwa kijana aliugua sana, akajijenga kwa kunyanyua vyuma. Akawapa wanajeshi wale uzito wa kweli, akauongeza kila walipopata nguvu. Mwaka 1945 aliandika matokeo yake, na 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins wakaupanga utaratibu ule vizuri zaidi: raundi tatu, kila raundi mara kumi, uzito unapanda hatua kwa hatua. Mpaka leo wanaotibu viungo wanatumia wazo hilo. Basi kazi hii ilikomaa mikononi mwa watu waliotoka vitani wakitaka kutembea tena.

Wazee wetu najua mnasema, "Hiyo ni ya vijana." Hapana. Ninyi ndio wa kwanza. Kuanzia miaka ya thelathini hivi, mtu asiyefanya mazoezi anapoteza msuli, kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya miaka 60 mwendo unaongezeka. Ndiyo sababu mzee anashindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, na siku moja anaanguka kwenye mlango wa choo. Mwaka 1990, huko Boston, watafiti walichukua wazee 10 waliokuwa wanatunzwa kwenye nyumba ya wazee. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 86 na 96. Wakawapa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya walivyoanza. Watu wa miaka 90, ndugu zangu! Msuli hauulizi kitambulisho. Ukiuita, unaitika.

Na Shirika la Afya Ulimwenguni, kwenye mashauri yake ya 2020, linasema watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, juu ya kutembea na kazi nyingine za mwili. Kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu, ili wasianguke.

Sasa tuje kwenye kichwa, maana hapo ndipo hasa nilitaka kufika.

Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba. Ninakutana na baba ambaye hawezi kulala. Amerudi kutoka Nyarugusu, amekuta shamba la baba yake lina mtu mwingine, kesi iko kwa shefu mwaka wa pili. Anakaa mbele ya mlango tangu asubuhi. Ukimuuliza "unaumwa?" anasema "siumwi, nimechoka tu". Amechoka na nini wakati hajafanya kazi? Amechoka na kungoja.

Sisi tunajua kungoja. Kambini tulifundishwa kungoja. Wengi wetu tuliingia Nyarugusu au Lugufu miaka ya 1996 na 1997. Kutoka zaidi ya kilometa 4 bila kibali ilikuwa kosa. Unga ulipimwa na mtu mwingine, siku ilipangwa na mtu mwingine, karatasi yako ilishikwa na mtu mwingine. Hata kurudi, tangu zile meli za kutoka Kigoma kuja hapa Baraka mwaka 2005, tuliitwa kwa orodha. Sisemi hivyo kuwalaumu waliotupokea. Watu wa Tanzania walitupa nafasi ya kuishi na watoto wetu walisoma. Ninasema kwamba mtu akikaa miaka 10 au 20 bila kuamua kitu, ndani yake kunaingia wazo kwamba hakuna analofanya litakalobadilisha chochote. Wazo hilo ndilo linalomkalisha yule baba mlangoni.

Uzito unajibu wazo hilo kwa namna ambayo maneno yangu hayawezi. Jumatatu umenyanyua kilo 10 mara nane. Baada ya wiki mbili umenyanyua zilezile mara kumi na mbili. Mwezi unaofuata umenyanyua kilo 15. Hakuna aliyekupa. Hakuna orodha. Umeandika mwenyewe kwenye kikaratasi chako na ni kweli, chuma hakijui kudanganya wala kupendelea. Kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa, ni jambo kubwa sana kujihesabia mwenyewe.

Wataalamu wamepima pia. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 33 yenye watu zaidi ya 1,800, wakalinganisha waliofanya mazoezi ya uzito na wasiofanya. Dalili za huzuni nzito zilipungua kwa waliofanya. Na jambo lililonigusa ni hili: zilipungua hata kwa wale ambao nguvu zao hazikupanda sana. Maana yake si lazima uwe jitu ndiyo upate faida. Kufika, kunyanyua, kurudi tena wiki ijayo, hiyo yenyewe inafanya kazi. Ongeza hapo usingizi unaokuja kwa mwili uliofanya kazi kwa kipimo, na watu wawili watatu wanaokuuliza "mbona juzi hukuja?"

Lakini nisiwadanganye. Vyuma havifuti yaliyotokea. Mama anayeamka usiku akipiga kelele, kijana anayeruka akisikia mlango unagonga, mtu anayesema afadhali afe, hao wanahitaji mtu aliyesomea kusikiliza. Tuna wale tunaowaita APS kwenye vituo vya afya. Mazoezi yanatembea pamoja na msaada huo, hayachukui nafasi yake. Na hayataleta hukumu ya shamba. Yanampa mtu mgongo wa kusimama wakati anaifuata.

Kuna wengine wa kuangalia kwanza. Mama mjamzito, mama aliyepasuliwa siku za karibuni, mtu mwenye ngiri, mwenye presha ya juu, mwenye maumivu ya kifua: apite kwa muganga mbele ya kuanza. Wamama waliofanyiwa upasuaji wa fistula wasiguse kitu kizito mpaka daktari wao aseme ndiyo. Na kila mtu ajue sheria ya pumzi: usizibe pumzi unaponyanyua, itoe wakati wa kusukuma, maana ukiziba, presha inaruka.

Na chakula? Hili ni swali la haki. Mwili haujengi kwa hewa. Lakini hatuhitaji unga wa kwenye makopo unaouzwa ghali. Maharage, karanga, ndakala, sombe, yai likipatikana: hivyo vinatosha kujenga msuli. Kwa nyumba ambayo inakula mara moja kwa siku, nasema wazi: hapo mazoezi yawe mepesi, na kazi ya kwanza ya chama ibaki ni mbegu. Sitaki mtu atokwe jasho kwa nguvu asizokuwa nazo.

Hapo tumeingia kwenye neno la pili, la askari na msitu. Wanaolisema si waoga, ni watu wenye kumbukumbu. Tunajua kijana mwenye nguvu asiye na kazi anatazamwaje hapa Fizi. Kwa hiyo ninapendekeza masharti. Mahali pawe wazi, hapa uwanjani karibu na barabara, bila ukuta. Tufanye mchana tu. Jina la kila anayekuja liandikwe, na nakala iende kwa shefu wa quartier. Hakuna nguo za kufanana, hakuna kupanga mistari, hakuna nyimbo za vita. Milango iko wazi kwa kila kabila, kwa waliobaki na kwa waliorudi. Wamama wapate siku zao, na wamama wawili wafundishwe kusimamia, ili hakuna mama anayeona haya. Mahali ambapo tate wa miaka 70 ananyanyua bidoni karibu na kijana wa miaka 20, nani atapaita kambi ya kijeshi? Na tusisahau upande wa pili: yule anayewatafuta vijana wetu kwa ajili ya msitu anawapata pale wanapokaa bure bila mtu anayewahesabia siku.

Neno la tatu ni pesa. Wafadhili wetu wako hapa, wasikie. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa na mchanga na changarawe ambazo tunazo bure, unatoa zaidi ya kilo 200 za beto, au zege kama tulivyozoea kusema kule Tanzania. Mifuko mitatu inatosha kutengeneza vizito vya kundi zima. Tunamimina kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha, tunapima kila moja kwenye mizani ya sokoni, tunaandika kilo juu yake. Nusu ya vizito haitagharimu kitu: bidoni ya lita 5 ya maji ni kilo 5, ukitia mchanga inapita kilo 7. Kijana yeyote ataweza kupiga pampu bila chuma chochote. Kazi ya kujenga ni salongo, vijana wamekubali kuifanya wenyewe. Kwenye sanduku la mbegu hatuombi hata franga moja. Ombi hili linatoka kwenye michango ya wanachama, na wafadhili wanaombwa mabati tu.

Tena tutapima. Njia ni rahisi na inatumika duniani kote: kiti kimoja, saa moja. Mtu anakaa, mikono ameikunja kifuani, halafu kwa sekunde 30 anainuka na kukaa mara ngapi anaweza. Tunaandika siku ya kwanza, tunarudia baada ya wiki 12. Tutaandika pia wangapi wameendelea kuja na wangapi wameacha, na wanalala vipi. Matokeo yatachapwa humu humu kwenye gazeti letu, yakiwa mazuri ama mabaya. Kama baada ya wiki 12 hakuna kilichobadilika, uwanja utarudi kwa chama na vizito vitakuwa mawe ya msingi wa nyumba. Hakuna kitakachopotea.

Kwa atakayetaka kujaribu nyumbani mbele ya uamuzi, mpango ni huu. Siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa. Kwanza chuchumaa na kuinuka, kama vile unakaa kwenye kiti. Pili, inua kitu kutoka chini, mgongo umenyooka, ukisukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Tatu, sukuma kitu juu ya kichwa. Nne, inama kidogo na uvute kitu kuelekea tumboni. Tano, beba vizito viwili vilivyo sawa, kimoja kila mkono, utembee hatua 40. Kila zoezi raundi mbili au tatu, mara 8 hadi 12. Acha wakati bado unaweza mara mbili zaidi. Asiyeacha kitu leo hana cha kuanzia kesho. Ukifika 12 bila shida kwenye raundi zote, ongeza kidogo. Kuuma kwa misuli siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo si kawaida, simama, uliza.

Na faida moja mtaiona hata bila kipimo: jambo la pili katika orodha hiyo, kuinua kwa miguu mgongo ukiwa umenyooka, ndilo hilohilo la kuinua bidoni kisimani. Mama akilijua kwenye uwanja, atalitumia kila siku, na atafundisha binti yake kabla mgongo wa binti haujaharibika kama wa mamake. Ndiyo jibu langu la mwisho kwa wanaosema tunabeba tayari. Tunabeba, ndiyo. Sasa tujifunze kubeba bila kuvunjika.

Mama Prezida, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Wanaokubali pembe ya uwanja itolewe kwa wiki 12, kwa masharti yale niliyosoma, wainue mkono. Wasiokubali nao wainue, tuwahesabu sawasawa, na waseme sababu yao tuiandike.